Mikono Chini ya Mapaja

Kostroma, mwaka wa hamsini na nane.
Darasani Rimma ameikalia mikono yake.
Ndivyo walivyoamriwa: mikono chini ya mapaja,
macho kwenye midomo ya mwalimu,
na neno moja, *papa*, mara mia,
kiganja kooni kupima mtetemo
kama fundi anayeisikiliza injini kwa vidole.
Papa mwenyewe alikuwa Galich, akivuna kitani.
Hakupata kusikia jinsi alivyoitwa.

Usiku, theluji ya dirishani iliwatosha kwa taa.
Wasichana kumi na wawili wakaifungulia mikono.
Zoya, mkubwa wao, ndiye aliyempa jina:
ncha ya kidole kwenye nyusi ya kushoto,
palipo na kovu la jiko.
“Rimma” lilibaki kuwa mali ya cheti cha kuzaliwa.

Lugha hiyo ilitoka wapi?
Vitabu vinataja Pavlovsk, mwaka 1806,
shule ya kwanza, kisha mwalimu kutoka Paris
mwenye ishara ndani ya mizigo yake.
Sawa. Hadi leo mikono ya Urusi na ya Ufaransa
ina sura za binamu.
Ila viziwi walikuwapo kabla ya Pavlovsk.
Palikuwa na mchunga ng'ombe fulani na dada yake
waliokubaliana juu ya mkate, mbwa mwitu, njoo,
na hakuna aliyewaandika.
Mto hauanzii pale lilipojengwa daraja.

Kidole kimoja hakivunji chawa,
lakini kwa Rimma kidole kimoja
ni mimi, ni wewe, ni yule aliyekwisha kutoka mlangoni
ila mahali pake hewani bado pametunzwa.
Jana iko nyuma ya bega.
Nyusi zikipanda, sentensi imekuwa swali.
Na kupa: Mrusi anahitaji maneno matatu,
mimi nitamke tu *nitakupa*,
mtoaji, wakati na mpokeaji wamebanana katika neno moja;
basi mkono wa Rimma unatoka kifuani kwake kuja kwako
na umekwisha kupewa.
Nilipoliona hilo nilicheka peke yangu.
Ujamaa mwingine hauna damu.

Kiwandani, mashine za kufuma zilinguruma
hata wenye masikio wakawa hawana masikio.
Rimma alifanya kazi kwa utulivu.
Miaka miwili, na safu nzima ya wafumaji
ilikuwa ikisengenya kwa mikono juu ya nyuzi,
na msimamizi hakuambulia kitu.

Baadaye televisheni ikaleta mkalimani
aliyekipanga Kirusi neno kwa neno juu ya vidole,
Kirusi kilichovaa glavu.
Rimma alitazama robo saa, akazima.
Binti yake Lada, anayesikia, akauliza:
wamesema nini?
“Sijui. Alikuwa akinionyesha kamusi.”

Sheria iliyoiita lugha ilikuja mwaka 2012.
Rimma alikuwa akimenya viazi.
Alifuta mikono kwa aproni, akasoma gazeti hadi mwisho,
akarudi kwenye viazi.

Januari hiyohiyo iliyofuata, Lada alihamia Moscow.
Stesheni, nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri.
Vioo vya behewa vimefungwa kwa barafu na kwa ufunguo.
Jukwaani watu wanapaza sauti: Nini? Nini? Piga simu!
Lada amekwangua duara la kutazamia.
Rimma amevua glavu zake za sufu,
amezibana kwapani,
na sasa wanazungumza:
supu iko kwenye chupa, kula kwanza samaki,
shangazi ana maneno mengi, mvumilie,
je, una soksi?

Treni inaondoka. Bado wanazungumza.
Vidole vyake vimekuwa vyekundu, kisha vyeupe.
Behewa limegeuka taa ndogo,
na Rimma yuko katikati ya sentensi,
havai glavu.